Mdogo wangu, hiyo suti iache kabatini

Kwako mdogo wangu,

Umenitumia picha ya suti yako ya kijivu ukaniuliza kama itakufaa Jumatatu utakaporudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Niliitazama nikacheka peke yangu jikoni mpaka uji ukafurika. Sikukucheka wewe. Miaka minne iliyopita nami nilikuwa na yangu, ya samawati, na wasiwasi wangu wote ulikuwa kama itafunga kiunoni.

Ilifunga. Sasa ngoja nikuambie kilichofuata.

Siku ile niliamka saa kumi alfajiri. Nikanyonyesha, nikaoga, nikavaa, nikajitazama kwenye kioo nikaona nimerudi kuwa mtu. Nikambeba mtoto nimkabidhi yaya, naye akacheua begani mwangu. Hata kijiko hakikujaa, lakini blauzi ilikuwa ya satini. Nikapangusa kwa kitambaa cha maji, doa likatanuka kama ramani.

Steji nikakuta foleni. Matatu ilipofika, kidato chake kilikuwa juu na sketi yangu ilikuwa ya kubana. Makanga anapiga ubavu wa gari, "Panda mathe, panda, gari inatoka!" Ikabidi nivute sketi juu ya magoti mbele za watu wote wa Donholm, huku Nairobi. Na hilo "mathe" nalo, mwaka mmoja nyuma nilikuwa "siste".

Lakini kisa chenyewe kilikuwa ofisini. Saa nne tuko mkutanoni, simu ya mwenzangu ikalia. Ameiwekea sauti ya mtoto wake. Matiti hayajui huyu ni mtoto wa nani, yakaachilia. Pedi nilizokuwa nimeweka zikashindwa, nikafunga koti mpaka kifungo cha juu na kukaa hivyo nikitoka jasho hadi saa sita. Kisha nikaenda kukamua. Mahali palipokuwepo ni stoo ya karatasi. Nilikalia katoni, mguu mmoja nimeukaza mlangoni kwa sababu haukuwa na komeo. Blauzi ilifungwa kwa zipu ya mgongoni, kwa hiyo ilibidi niivue yote. Hebu nione hapo: mfanyakazi wa miaka sita, kifua wazi, pampu mkononi, nasikiliza nyayo za watu kwenye korido.

Ndipo nilipojua kwamba nguo ya anayenyonyesha, kabla ya kupendeza, ifunguke mbele, tena kwa mkono mmoja, maana wa pili daima umeshika kitu.

Na kitu ambacho sikukijua siku ile, wewe ukijue kabla ya Jumatatu. Stoo ile haikuwa hisani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kitu cha kupozea, soketi ya umeme, meza ndogo na kiti cha maana, na kisiwe chooni. Kifungu cha 72 kinakupa muda wa kukamua mbali na ule wa chakula, hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, nao unahesabiwa kuwa muda wa kazi. Mwandikie bosi wako barua pepe mapema, umuulize kwa upole chumba kiko wapi. Usiulize kama kipo. Uliza kiko wapi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, na wiki mbili kwa baba. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Toa wewe mwenyewe. Hiyo miezi mitatu inayobaki ndiyo tunayoivalia nguo.

Haya, nguo zenyewe. Kwanza, usinunue nyingi. Mwili wako bado unahama. Wangu ulitulia mtoto alipokuwa anatembea. Magauni matatu, suruali mbili za kiuno cha mpira, sweta moja ya vifungo kwa ile baridi ya Julai. Watu wa ofisini hawahesabu kama tunavyodhani.

Nenda soko la Gikomba asubuhi mapema, siku belo za mitumba zinapofunguliwa, au soko la Toi ukiona Gikomba ni vurugu nyingi. Wauzaji watakuonyesha kamera, yaani zile nguo bora za belo. Usikimbilie rangi. Likunje gauni kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, liachie. Likibaki na makunyanzi kama uso wa ajuza, lirudishe, maana stima itapotea asubuhi ile ile unapohitaji pasi. Kisha geuza upindo wa ndani. Kama muuzaji ni mtu wako, mwombe uchomoe uzi mmoja na uuguse kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu. Poliesta inayeyuka ikawa kidonge kigumu, na hiyo ndiyo itakayokufukiza ndani ya matatu Jogoo Road ikiwa imefunga. Pamba iliyochanganywa na kitu cha kunyumbulika kidogo ndiyo imenifaa kuliko zote.

Rangi? Michoro. Kitambaa cha rangi moja iliyofifia, hasa kijivu (samahani kwa suti yako), kinatangaza tone la maziwa kuanzia mlangoni. Kitenge kinalimeza. Nina gauni moja la kitenge ambalo limecheuliwa, limemwagiwa uji wa wimbi, limefutiwa kamasi, na bado likaenda mkutanoni likasifiwa.

Zile zisizofunguka mbele mpelekee fundi. Wangu pale Kenyatta Market nilimweleza kwa aibu, nikizungukazunguka maneno, akanikatiza: "Mama, unataka kunyonyesha au kukamua?" Akafumua mishono miwili kifuani, akaweka zipu nyembamba kila upande, akafunika kwa mkunjo wa kitambaa. Ukisimama mbele yangu huzioni. Vifungo vya blauzi akang'oa, akaweka vile vya kubonyeza vinavyoachia kwa mvuto mmoja, kisha akavishona vifungo vya zamani juu yake kama pambo tu. Huyo fundi ana watoto watano. Inaonekana.

Leso usitoke bila yake. Nunua doti pale Biashara Street. Moja ikae begani mwako kuanzia unapoamka, mtoto acheue apendavyo, uivue ukiwa mlangoni, sekunde ya mwisho. Ya pili iwe kwenye mkoba: ni pazia, ni shuka, ni kikinga mvua, na siku mtoto yuko nawe na makanga akasema "huyo beba," ni mto wa kumpakata hadi mwisho wa safari. Viatu vya kisigino viache ofisini chini ya meza, barabarani vaa raba.

Doa la maziwa ulianze kwa maji baridi. Maji ya moto yanalikaza. Mimi niliharibu blauzi mbili nikidhani natakasa. Na maziwa uliyokamua, kama hakuna friji, yasikae nje kwa zaidi ya saa nne. Nunua kile kimfuko cha kutunzia baridi na vibarafu vyake.

Kuna jambo linanikereketa, niliseme hapa hapa. Yaya wako naye ni mama, mwanawe analelewa na nyanyake ushago. Yeye ndiye anayecheuliwa kutwa nzima, na sijasikia mtu akiuliza anavaa nini kazini. Ukienda sokoni mletee madera mawili ya pamba. Mwache achague rangi mwenyewe, si yale uliyoyachoka wewe.

Najua suti ile ina maana kwako. Uliinunua kwa mshahara wako wa kwanza, na ukiivaa Mama husema unafanana na wakili. Sijasema uitupe. Niliivaa ya kwangu tena mtoto alipofika mwaka na nusu, nikapanda matatu nikiwa nimeshikilia sketi kama kawaida, na mfukoni mwa koti nikakuta pedi moja ya matiti, imekauka, imekaa humo tangu siku ile ya stoo.

Kwa hiyo Jumamosi nipitie saa tatu. Lete blauzi zako zote za vifungo, na mtoto, na leso. Ile suti ya kijivu tutamuuliza fundi kama koti linaweza kuongezwa kitambaa pembeni. Sketi sidhani.

Ni mimi dadako.