Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Visima Vyetu na Maji ya Vilima vya Mchanga vya Shela

Assalamu aleikum, ndugu wanachama wa jumuiya yetu ya watumiaji wa maji.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na uchaguzi wa kamati utafuata baada ya chai. Taarifa hii naielekeza kwenye jambo moja: sheria ya maji inataka nini kwa kisima chenye pampu, na kwa nini hapa Lamu haitatufaa kitu tusipopima.

Swali lililoletwa kwa kamati mara nyingi kuliko yote ni hili: "Kisima kimo kiwanjani mwangu, hati ninayo, nani wa kuniuliza?" Jibu limo katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016, iliyoanza kutumika Aprili 2017. Rasilimali zote za maji zimewekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa kama amana ya wananchi. Shimo ni lako, mawe ya kuta ni yako, pampu ni yako. Maji si yako mpaka upewe kibali cha kuyatumia, na kibali hutaja kiasi. Wazee wetu walioweka visima vya wakfu walilijua jambo hili zamani: aliyechimba hakuwa na haki ya kumzuia mwenye ndoo.

Sheria hiyo haikumsahau mwenye ndoo. Kifungu cha 37 kinamruhusu mtu mwenye njia halali ya kufika kwenye maji kuyateka kwa matumizi ya nyumbani bila kibali, maadamu hatumii mitambo. Kifungu cha 43 kinayatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya mengine yote. Basi mwenye nyumba ya wageni anayejaza bwawa la kuogelea na mama anayejaza mtungi hawako safu moja, na kamati haitakubali wachukuliwe kama wako safu moja.

Kwa anayetaka kisima cha pampu, utaratibu una hatua ambazo wengi huishia katikati. Kwanza ni ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini mwenye leseni. Ripoti hiyo huambatanishwa na maombi kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na suala la leseni ya mazingira hushughulikiwa katika hatua hiyohiyo. Hapo hutoka idhini ya kuchimba, na hapa ndipo penye kosa kubwa: watu huitia fremu idhini hiyo wakidhani ndiyo kibali. Siyo. Baada ya kuchimba, kisima hujaribiwa kwa pampu, maji hupelekwa maabara, ripoti ya ukamilishaji hurudishwa kwa Mamlaka, ndipo kibali kitolewe. Ukiwa na idhini tu na pampu inazunguka, unavuta maji bila haki. Wanachama walio katika hali hiyo walete karatasi zao kwa katibu; ni afadhali kukamilisha sasa kuliko kusubiri mkaguzi.

Sasa, kwa nini tung'ang'anie vipimo. Chini ya vilima vya Shela maji matamu hayakukaa juu ya mwamba kama tangini. Yameelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi kidogo. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 zilizo chini yake. Igeuzeni hesabu hiyo. Ukiushusha usawa wa maji kwa sentimita 10 na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi huelekea kupanda hadi mita 4. Chini ya pampu yenye nguvu hupanda kama kichuguu, moja kwa moja hadi mdomoni mwa bomba.

Na kuharibika hakuhitaji chumvi nyingi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mimina nusu lita yake ndani ya mtungi wa lita 20 wa maji ya mvua, koroga, onja: umefika karibu miligramu 850 kwa lita, na kuanzia kama 1,000 watu huanza kuyakataa. Nusu lita tu! Kisima huharibika kwa siku chache za kuvuta kwa pupa, lakini kusafika hungoja mvua iisukume chumvi chini, masika baada ya masika.

Kwa hiyo pampu ndogo ivute kwa saa nyingi na mapumziko, na bomba la kunyonya likae karibu na uso wa maji. Mwaka huu tumeona watu wakifanya kinyume: kisima kikikauka mwisho wa kaskazi, fundi huitwa akizamishe zaidi na kuweka pampu kubwa. Huko chini ndiko chumvi iliko.

Daftari la vipimo limeanza, ila baadhi ya tarakimu hazifai, na sababu zake zinafahamika. Kina kilipimwa wakati pampu imewashwa, au saa moja tu baada ya kuzimwa. Visima vya karibu na ufuo vilipimwa leo maji yamejaa, mwezi ujao yamepwa, na tofauti ikadhaniwa ni ukame. Kipima chumvi kilitumika bila kurekebishwa kwanza kwa maji maalumu ya kipimo, yale yanayopaswa kusomeka mikrosiemens 1,413 kwa sentimita. Baadhi ya mita za kuhesabu maji zilifungwa baada ya tangi badala ya kati ya kisima na tangi, hivyo maji yanayomwagika tangi likifurika hayahesabiwi. Nyingine zimekwama kwa mchanga kwa kukosa chujio mbele yake. Utepe wa kupimia upakwe chaki sehemu ya mwisho, uteremshwe, usomwe pale chaki ilipolowa, na daima kutoka alama ileile ya rangi kwenye ukingo wa kisima.

Kuhusu mamlaka yetu, niseme wazi ili tusilaumiane. Kifungu cha 29 kinatutambua kama jumuiya ya kushirikiana katika usimamizi na kusuluhisha migogoro ya maji. Hatuwezi kumfungia mtu pampu wala kumtoza faini. Tunachoweza ni kukaa na jirani wawili wanaogombana, kuandika, na kupeleka ushahidi. Ushahidi huo ndio utakaobeba ombi ambalo kamati inalileta mbele yenu leo: tuiombe Mamlaka itumie kifungu cha 23 kuyatangaza maji ya ardhini ya Shela kuwa eneo la hifadhi, baada ya wananchi kusikilizwa. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Kila nyumba inayopanda juu ya mchanga ule hufunika sehemu ya kunywea mvua na kuleta shimo la choo juu ya maji tunayokunywa.

Jabia za Pate na visiwa vingine, yaani sakafu za chokaa za kukusanyia mvua, tutazizungumzia katika kikao chake. Kwa leo kumbukeni tu kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya sakafu ni lita 1, na ufa wa chokaa hula sehemu yake kabla yenu.

Mkiafiki, vipimo vitachukuliwa mara mbili kwa mwezi wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, karibu na siku ya 8 na ya 23 ya mwezi mwandamo, asubuhi kabla pampu yoyote haijawashwa. Kila mwenye pampu aandike pia mita yake siku hiyohiyo. Utepe na chaki viko kwa katibu.