Mhariri, lile sponji la maji litatuozeshea siga huku Mtwara

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Mikindani. Naandika kwa sababu ya ile makala yenu kuhusu siga, zile sigara nene za jani tupu ambazo wengine wanaziita biri, mliposema mtu akinunua boksi na anataka zizeeke vizuri basi aweke ndani sponji lililolowa maji, na kila likikauka aliloweke tena. Mhariri kwa heshima zote, huo ushauri ni wa watu wa nchi za baridi. Kule wakati wa baridi wanawasha mashine za joto ndani ya nyumba, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na siga nayo inapasuka, ndo maana wanaongeza maji. Sisi huku tuna bahari mlangoni. Kuanzia Desemba mpaka Aprili chumvi ikikaa kwenye kopo inageuka uji, na viatu vya ngozi ukivisahau chini ya kitanda mwezi wa pili unavikuta vimeota ndevu. Sasa hewa ya namna hiyo unaiongezea maji ya nini?

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Mi nilikuwa baharia miaka mingi, mpishi wa meli za mizigo, na mwaka 2012 tukiwa Las Palmas, visiwa vya Canary, nilinunua boksi moja la Partagás Serie D No. 4, siga 25 za Cuba, pesa niliyoikusanya safari nzima. Ukigeuza boksi la Cuba chini kuna muhuri wa kiwanda na mwezi zilipofungwa, mwezi umeandikwa kwa kifupi cha Kispanyola, ENE ni Januari, AGO ni Agosti, hivo unajua kabisa umri wa kitu ulichoshika. Langu lilikuwa la OCT 11. Nilikuja nalo nyumbani kama mtu anavyokuja na zawadi ya harusi. Na nilifanya vilevile mlivyoandika nyie, sponji, maji, kifuniko, nikaondoka tena baharini. Niliporudi mwezi wa tatu 2013 nikafungua, siga 16 zimevaa ukungu, nyingine wa kijani umeingia mpaka ndani kule kwenye mdomo wa kuwashia, na hiyo haina dawa, ukiiona hivo unatupa. Nilikaa barazani nikatoa machozi, sioni aibu kulisema.

Na hapo hapo niseme kuhusu ile sentensi yenu nyingine, kwamba vumbi jeupe juu ya siga ni dalili ya kukomaa. Ndugu zangu, huku kwetu ukiona weupe wenye manyoya huo ni ukungu, hakuna lugha nyingine. Kama umegusa jani la juu tu unaweza kuufuta kwa kitambaa kikavu na siga ikapona, ila usijidanganye kwamba ni uzee mzuri.

Zilibaki 9. Hizo 9 ndo zilizonifundisha.

Kuzeesha tumbaku wala sio jambo geni kwetu, watu wanadhani ni majigambo ya wazungu. Mjomba wangu kule Newala, Mungu amrehemu, alikuwa anakausha majani, anayasokota kama kamba, anayakunja kama kata ya kubebea maji kichwani, alafu anayaweka kwenye uchaga juu ya jiko. Hauzi wala hanusi mwaka huo. Alikuwa anasema ya mwaka huu inapiga, ya mwaka juzi inaongea. Ugoro wake alikuwa anauweka kwenye kichupa cha mpingo alichochonga mwenyewe, na ukifungua tu chumba kizima kinajua. Kwahiyo nilipokutana na siga kwa mara ya kwanza sikuona kitu kigeni, niliona kazi ya mjomba iliyofanywa na watu wengine.

Wenzetu wa Cuba, hasa kule Vuelta Abajo mkoa wa Pinar del Río, jani likishakauka kwa hewa wanalirundika marundo makubwa, rundo linapata joto lenyewe kwa ndani, wanalipindua, wanalirundika tena, na hapo amonia inatoka. Amonia ndo ile harufu kali, ukiipata kwenye siga changa utadhani umefungua zizi la mbuzi lililofungwa wiki nzima. Wakishasokota wanazipumzisha kwanza kwenye makabati, lakini kazi haijaisha, jani la ndani, la kufungia na la juu bado kila moja linaongea lugha yake. Ukizitunza vizuri, miaka inavyokwenda mafuta ya yale majani yanaingiliana, ukali unashuka, utamu unapanda. Ila sio kila siga inafaa kuzeeshwa, hili watu wengi hawalijui. Ile yenye majani mengi ya juu ya mche, yale yaliyopigwa jua sana, hiyo ina nguvu na inaweza kuvumilia miaka 10 na zaidi. Siga nyepesi ukiiweka muda huo unakuja kuvuta hewa yenye joto. Kwa maoni yangu nyepesi ivute ndani ya miaka miwili mitatu, usiwe mchoyo.

Sasa utunzaji wenyewe, hapa naomba Mhariri usinikatie maneno.

Vitabu vyao vinasema unyevu asilimia 65 mpaka 70 na joto nyuzi 18 mpaka 21. Nyuzi 18 Mtwara labda uwe na kiyoyozi kinachowaka usiku na mchana. Mi naishi kwenye nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene, chumba cha nyuma hakipigwi jua kabisa na bado Januari kinafika 29. Kwa joto kama hilo unyevu lazima uushushe, nashikilia 62 mpaka 65, na tangu nianze hivo sijaona ukungu tena. Kitu ninachotumia ni deli. Ndio, deli lile lile la kuuzia barafu na samaki, ila liwe jipya kabisa halijawahi kubeba kitu, maana tumbaku inanyonya harufu kuliko hata siagi. Deli linaziba vizuri na joto halipandi na kushuka haraka. Ndani nimemwambia fundi aniwekee vipande vya mbao ya Cedrela odorata. Wenyewe wanaita mwerezi wa Hispania lakini sio mwerezi na hautoki Hispania, ni mti wa Amerika ya joto, ukoo mmoja na mkangazi wetu, na upo hapa hapa nchini, pale msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umeenea mpaka unahesabika mti vamizi. Yaani wenzetu wanainunua kwa bei mbaya, sisi inatusumbua msituni. Kuna mtu alinishauri niweke kisanduku cha mpingo kwa kuwa sisi ni watu wa mpingo. Mpingo naupenda mno, lakini ni mgumu sana, haunyonyi unyevu wala hautoi, hapo utakuwa umeweka pambo tu.

Cha kupunguza unyevu ni vile vifuko vya silika, vinavyokuja kwenye boksi la viatu, ukivikusanya vingi vinasaidia, ila bora zaidi upate vifuko maalum vilivyoandikwa 62 au 65 ambavyo vinatoa na kunyonya vyenyewe. Sponji hapana. Kipande cha tufaha cha kuongezea unyevu ndo hapana kabisa, na hilo nalo nimewahi kusikia watu wakishauriana.

Alafu lazima uwe na kipima unyevu, na usikiamini mpaka ukijaribu. Dawa yake ni chumvi, na sisi watu wa Lindi na Mtwara chumvi tunavuna wenyewe kwenye mabwawa. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi, tia matone machache ya maji iwe kama mchanga wa pwani uliolowa, isiwe maji maji. Weka pamoja na kipimo ndani ya kopo linaloziba, acha usiku kucha mpaka kesho yake. Chumvi ya namna hiyo hewa yake inatulia kwenye asilimia 75, huwa haidanganyi. Kipimo kikisoma 70 ujue kinakuibia 5, unaongeza kichwani kila ukisoma. Changu cha kwanza kilikuwa kinasoma 66, yaani pungufu ya 9, ndo maana mwaka ule niliona namba nzuri huku siga zinaoza.

Kuna na kidudu. Kadogo ka kahawia, milimita 2 au 3 tu, mayai yake yanakuja ndani ya jani tangu shambani au ghalani, yakikaa kwenye baridi yanalala, joto likizidi nyuzi 24 au 25 yanaanza kuanguliwa, na sisi huko tunapita karibu mwaka mzima. Utaona tundu safi kama la sindano kwenye jani la juu. Nikipata siga yoyote sasa hivi, kabla haijaingia kwenye deli naifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, friji siku moja, friza siku tatu, friji tena siku moja, ndo itoke. Ukiitoa friza moja kwa moja kwenye joto la Mtwara jani la juu linapasuka. Lakini friji ni kwa hizo siku tu, usije ukaifanya ndo nyumba yake, friji ya kawaida inakausha na kesho yake siga inanuka kibua. Kuna muuzaji mmoja, jina nalihifadhi, aliniuzia siga zilizokaa kwenye friji ya soda miezi na miezi, ukiibonyeza inalia kama jani la mkorosho lililoanguka.

Kuhusu kuvuta kwenyewe makala yenu ilipita haraka sana, mkasema mtu avute kama sigara. Hapana jamani. Moshi wa siga haumezwi, unakaa mdomoni, unauzungusha, kidogo unautolea puani maana ladha nyingi ziko puani, basi. Unakata kofia tu, kile kijani kinachofunika ncha ya kuvutia, milimita 2 zinatosha, ukikata sana jani linafunguka. Washa kwa kiberiti cha njiti, acha kwanza baruti iungue iishe. Vuta mara moja kwa dakika hivi, ukiharakisha inapata joto inakuwa chungu, na hakuna kuzeesha kutakakokuokoa hapo. Ikiisha usiisigine, iache kwenye kisahani izime yenyewe.

Mi navutia barazani baada ya alasiri upepo wa kusi ukiwa umetulia, na kahawa chungu, na korosho za kukaanga zisizo na chumvi. Mwaka 2013 nilivuta moja katika zile 9 kwa hasira tu, ikawa pilipili tupu, na ile amonia nyuma ya koo. Mwaka 2023 nikavuta nyingine ya boksi lile lile. Mhariri, sijui niiseme vipi. Theluthi ya kwanza ilikuja na korosho, sio iliyokaangwa, ile mbichi iliyobanguliwa sasa hivi yenye utamu wa maziwa kwa mbali. Katikati ikageuka harufu ya ardhi ya Newala ikipigwa na mvua ya kwanza. Mwisho kakao na ngozi, pilipili ikawepo lakini imekaa kwa adabu. Dakika 50 sikuongea na mtu, mke wangu akatoka kuniuliza kama naumwa.

Na hapa niwe mkweli kwa vijana wanaosoma. Siga ina nikotini nyingi na moshi wake unaleta saratani ya mdomo na ya koo hata kama huumezi, asiyevuta asianze kwa sababu yangu. Pia sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 imeweka mipaka ya wapi mtu avutie, na wajukuu wangu wakiwa wapo barazani mi siwashi. Zile 9 nimevuta 6 tu kwa miaka yote hii, zimebaki 3.

Ombi langu Mhariri, lile suala la sponji mlisahihishe, na mlisahihishe kabla ya Desemba mvua hazijaanza. Kuna kijana wa Shangani, hapa Mtwara mjini, amenipigia simu juzi, kanunua boksi lake la kwanza maishani, kasoma makala yenu na sponji kashaloweka. Nimemwambia alitoe leo leo, akaushe boksi kwa kitambaa, na Jumamosi aje nalo Mikindani pamoja na kipimo chake, chumvi ninayo.

Wako,
Baharia mstaafu,
Mikindani, Mtwara