Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Tulipeni kwanza, mikopo baadaye

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Barua za kawaida nimeshaandika, nikapeleka ofisi baada ya ofisi, na jibu ni lile lile: faili linashughulikiwa. Leo naandika hadharani kwa sababu wiki iliyopita dalali wa mnada alikuja na lori kwenye karakana yangu, akabeba mashine ya kukunja vyuma, jenereta na mashine za kuchomelea. Benki siilaumu. Nilikopa, sikurejesha. Lakini nilikopa ili nitengeneze madawati ya shule za serikali. Nikayatengeneza, yakakaguliwa, yakapokelewa kwa saini na muhuri, na watoto wanayakalia hadi leo. Fedha zake sijaziona.

Mafundi wangu walisimama wakitazama. Mmoja alikuja kwangu akiwa hajui kushika nondo, sasa anachora na kukata mwenyewe. Nimwambie nini? Arudi lini?

Ndani ya wiki hiyo hiyo, Mheshimiwa, ulitangaza mfuko mpya wa mikopo kwa wajasiriamali. Ulisema ajira za vijana zitatoka kwenye biashara ndogo, si kwenye visima vya mafuta. Ulisema kweli. Kisima kikishachimbwa na bomba likishalazwa, kinachobaki ni mitambo na wataalamu wachache. Mafuta huijaza hazina bila kuwapa wengi kazi. Wengi huajiriwa na sisi wenye karakana, cherehani, maduka na mashamba. Sasa kama unalijua hilo, kwa nini sisi ndio wa mwisho kulipwa?

Nitasema ninavyoona, na nikikosea wataalamu wako wanisahihishe. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta ghafi aina ya Brent liliuzwa kwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Aprili 2020, janga la korona liliposimamisha safari na viwanda, bei ya mikataba ya mafuta ya Marekani ilianguka hadi chini ya sifuri, yaani muuzaji ndiye aliyemlipa mnunuzi ayachukue. Bei ikianguka hivyo, serikali inayoishi kwa mafuta kama yetu lazima ibane matumizi. Mishahara ikicheleweshwa, kutakuwa na migomo. Wenye hati fungani nje ya nchi, yaani walioikopesha serikali huko, wakicheleweshwa, masoko ya mikopo yataifungia serikali milango. Anayebaki ni mzabuni wa ndani, asiye na wa kumsemea. Anacheleweshwa yeye. Mkandarasi mkubwa asipolipwa hamlipi mdogo, mdogo hamlipi fundi, na benki inaogopa kumkopesha yeyote kati yao. Kwa hiyo serikali imekopa kwetu bila riba na bila kutuuliza, huku sisi tukitozwa riba kila mwezi kwa fedha hizo hizo.

Bei ikipanda nako hatuponi. Dola zikimiminika, sarafu ya nyumbani inapata nguvu na bidhaa za nje zinakuwa rahisi kuliko zetu. Uholanzi iligundua gesi nyingi Groningen mwaka 1959, na viwanda vyake vikaja kuumia hivyo hivyo hadi hali hiyo ikaitwa ugonjwa wa Kiholanzi. Mwenye karakana anaumia bei ikishuka, anaumia ikipanda.

Na kuna jambo la kodi, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Nilipotoa ankara ya madawati, nilidaiwa kodi ya ongezeko la thamani papo hapo. Nililipa kodi ya fedha ambazo serikali haijanipa. Nilipochelewa awamu iliyofuata, nikapigwa faini. Mkono mmoja wa serikali unanidai kwa sababu mkono mwingine haujanilipa! Mheshimiwa, hili halihitaji bei ya mafuta ipande ndipo lirekebishwe. Linahitaji saini yako.

Siombi tuwe Norway kesho. Wao tangu mwaka 2001 wana kanuni ya kutumia sehemu ndogo tu ya mfuko wao wa mafuta kila mwaka, asilimia 4 na baadaye 3, ili bei ikianguka bajeti isianguke nayo. Tuanze na dogo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, unazitaka ofisi za umma zilipe ndani ya siku 30, na zikichelewa zilipe riba. Gabon, nayo nchi ya mafuta, mwaka 2018 iliunda utaratibu maalumu uitwao Klabu ya Libreville wa kulipa madeni ya wafanyabiashara wa ndani. Deni lilikubaliwa kuwa ni deni. Sisi hata orodha hatujawahi kuonyeshwa.

Uliahidi bungeni kwamba madeni ya wazabuni yatahakikiwa na kulipwa. Yangu yamehakikiwa, nina karatasi. Mwaka wa fedha ukaisha, mwingine ukaanza.

Kwa hiyo sitaki mkopo wa mfuko mpya, Mheshimiwa. Nikope tena ili nisubiri tena? Tulipeni. Toeni orodha ya madeni yaliyohakikiwa, na walipeni wadogo kabla ya wakubwa, kwa kuwa deni linaloniua mimi kwa hazina ni fedha kidogo sana. Mkikosa zote, lipeni nusu. Mkikosa nusu, zuieni faini ya kodi na muiandikie benki barua kwamba ninawadai, kabla mashine zangu hazijapigwa mnada. Lipeni kabla mfuko huo haujatoa mkopo hata mmoja.

Wako mtiifu,
Mwenye karakana, mzabuni anayeidai serikali