Barua kutoka Leuven

Leuven, Ubelgiji

Mpendwa Rehema,

Hujambo wewe na watoto? Mimi mzima, ila baridi bado inatukamata.

Umeuliza uwajibu nini wanafunzi wanaotaka kujua kitenzi cha Kiingereza “beg”, yaani kuomba, kimetoka wapi. Swali limenikuta mahali pake. Chumba nilichopanga kiko Groot Begijnhof, mtaa wa kale wa matofali mekundu ambao chuo kikuu kiliununua mwaka 1962. Vichochoro vimetandikwa mawe na mto Dijle unapita humohumo. Tangu karne ya 13 waliishi hapa mabegini, wanawake wa sala wasio watawa. Hawakuweka nadhiri za maisha. Aliyetaka kuolewa aliaga, akaenda zake.

Wanaume wa mwenendo huo waliitwa mabegadi, na baadhi yao walizurura wakiombaomba. Wapo wataalamu wanaosema jina lao ndilo lililopitia Kifaransa likazaa “beg”. Wengine wanabisha, wanalirudisha kwenye neno la Kiingereza cha kale, “bedecian”. Ubishi haujaisha, waambie wanafunzi hivyohivyo.

Ila kama wa kwanza wamesema kweli, roho inaniuma kwa ajili ya wanawake hawa. Walikula jasho lao, Rehema! Walisokota sufu, walifua nguo za watu, waliuguza wagonjwa. Bado walisakamwa: begini Marguerite Porete alichomwa moto Paris mwaka 1310, na mtaguso wa Kanisa uliofanyika Vienne, Ufaransa, mwaka 1311–1312 ukawalaani wenzake. Begini wa mwisho, Marcella Pattyn, alifariki Kortrijk, hapa Ubelgiji, mwaka 2013 akiwa na miaka 92. Alikuwa haoni vizuri tangu utotoni, lakini alifuma kwa mikono yake na kuwapigia wagonjwa muziki.

Huko Uingereza kuomba kuligeuzwa jambo la serikali. Sheria ya 1531 iliwapa wazee na wasiojiweza kibali cha kuomba katika eneo walilopangiwa. Mwenye nguvu zake akikamatwa anaomba, alifungwa nyuma ya mkokoteni akachapwa viboko mpaka damu itoke. Neno hilohilo likaingia kwenye adabu za mabwana: “I beg your pardon” (naomba radhi) husemwa na mtu aliyeshiba, anataka tu urudie ulichosema.

“Beg the question” ndiyo itakayowasumbua. Haina maana ya kuomba swali. Inatokana na mwanafalsafa Mgiriki Aristotle kupitia Kilatini, “petitio principii”: unaomba upewe bure jambo lilelile unalotakiwa kulithibitisha. Wape mfano huu: “Juma hasemi uongo, kwa sababu mwenyewe ameniambia ni mkweli.” Waache wabishane kwanza, halafu uwaulize ushahidi uko wapi.

Nisalimie mama. Ukitaka picha za mtaa huu kwa ajili ya darasa, niambie nikutumie.

Rafiki yako,
Zuhura