Utulivu sokoni hupangwa kabla ya kubonyeza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie vijana wa Mwanza wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu, kuanzia hosteli za Malimbe hadi vibanda vya Buzuruga. Kwenye makundi ya WhatsApp wanapewa ushauri uleule kila siku: "Tuliza akili, ondoa hisia." Ushauri huo hauna namba ndani yake, ndiyo maana haushiki. Aliyeweka nusu ya mtaji kwenye oda moja hawezi kutulia hata afunge na kuomba, na mwili wake una haki ya kuogopa.

Chukua akaunti ya dola 200. Asilimia 1 yake ni dola 2. Kwenye jozi ya euro na dola, loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa oda) inakupa au inakunyang'anya senti 10 kwa kila pipi, yaani hatua ya 0.0001 katika mwendo wa bei. Ukiweka amri ya kukata hasara, inayoifunga oda yenyewe bei ikifika ulipopanga, pipi 20 kutoka ulipoingia, ukikosea umepoteza dola 2 basi. Ukosee mara kumi mfululizo, jambo linaloweza kumkuta hata mwenye mfumo mzuri, bado una dola 180. Mwenzako anayeweka asilimia 10 ya kilichobaki kila mara, kwa makosa yaleyale kumi amebakiwa na dola 70 hivi, na kurudi alikoanzia kunahitaji faida ya karibu asilimia 187. Huyo ndiye anayeambiwa avute pumzi!

Akaunti ya dola 50 ni mbaya zaidi kwa utulivu, ingawa wengi huanza nayo wakidhani ndiyo salama. Asilimia 1 yake ni senti 50, yaani pipi 5 kwa loti ndogo kabisa. Soko likitikisika kidogo tu umeshatolewa. Kwa hiyo mtu hulazimika kuhatarisha asilimia 4 au zaidi kila anapoingia. Mwenye mtaji huo afungue akaunti ya senti, inayohesabu fedha kwa senti badala ya dola ili oda ziwe ndogo zaidi, ambayo madalali wengi (kampuni zinazokufikisha sokoni) wanayo, au abaki kwenye akaunti ya majaribio. Na asivutwe na mkopo wa dalali wa 1 kwa 500, yaani kushika oda ya dola 500 kwa kila dola 1 yako. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha 1 kwa 30 kwa jozi kubwa za fedha, ikieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara za aina hii hupoteza fedha.

Hela yenyewe nayo ina tabia yake. Ada ya Januari, mchango wa kikoba, hesabu ya wiki ya bodaboda ya mkataba, mtaji wa dagaa wa Mwaloni Kirumba: fedha zenye tarehe ya kudaiwa zisiingie sokoni. Utaikodolea macho chati badala ya kuisoma.

Amri ya kukata hasara iwekwe pamoja na oda, si baadaye. Ikishapokelewa hukaa kwenye mitambo ya dalali, hivyo umeme ukikatika au bando likiisha inaendelea kukulinda, ingawa bei ikiruka ghafla unaweza kutolewa mbele kidogo ya ulipopanga. Kosa kubwa ni kuisogeza bei inapoikaribia. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile. Ndiyo maana mtu hufunga faida ya dola 1 haraka haraka, kisha hasara ya dola 6 akailea usiku kucha. Wanaotumia MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hii, kwenye kompyuta wabadilishe safu ya faida ionyeshe pointi, yaani mwendo wa bei, badala ya dola. Ni jambo dogo, lakini moyo huacha kupanda na kushuka na kila senti.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu mbalamwezi ikikolea huacha kwenda, kwa kuwa taa hazivuti kitu. Sokoni nako kuna saa za kukaa nchi kavu. Taarifa ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutufikia saa 9:30 alasiri, au saa 10:30 jioni kule wakiwa kwenye saa za baridi. Dakika hizo pengo la bei ya kununulia na kuuzia hutanuka. Usiwe na oda mpya dakika 30 kabla na 30 baada.

Pumzi ina kazi yake, ila baada ya hayo yote. Dakika 5 kabla ya kufungua chati, vuta puani kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika, na kutoa kirefu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Kisha andika kwenye daftari sababu ya kuingia, loti, pa kutokea, na hali yako kwa alama 1 hadi 5. Ukijipa 4 au 5, yaani hasira, haraka au furaha iliyopitiliza, funga. Furaha naitaja makusudi: wengi huchoma akaunti siku inayofuata ushindi mkubwa, kwa kuongeza loti.

Ukipoteza mara mbili kwa siku, toka kwenye programu na uiondoe kwenye simu hadi kesho. Kuiacha pale huku umeapa hutaigusa ni kujidanganya. Saa 3 usiku mkono utaitafuta ili "kurudisha hela".

Mhariri, ukurasa wako wa biashara unaweza kusaidia: kila Jumatatu chapisheni ratiba ya taarifa kubwa za uchumi za wiki kwa saa za Afrika Mashariki, na mkumbuke kuisahihisha Machi na Novemba, Marekani inapobadili saa zake.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza