Risala ya Wakulima Wadogo wa Kahawa wa Mkoa wa Kagera kwa Mgeni Rasmi Wakati wa Ufunguzi wa Msimu wa Ununuzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Serikali, maofisa ushirika na ugani, wazee wetu, wanaushirika wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ushirika wa kahawa hapa Kagera ni wa siku nyingi. Chama kikuu cha BNCU (Bukoba Native Co-operative Union) kilianza mwaka 1950. Vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980, na tangu 1990 tuna KCU, chama kikuu cha Kagera, na KDCU, chama kikuu cha Karagwe. Leo tunaomba kusema juu ya adui ambaye ushirika una silaha ya kumshinda, naye ni butura.

Butura ni kuuza kahawa ingali maua au kijani mtini. Januari ada na sare zinadaiwa, na mavuno yako miezi mitano mbele. Tuchukue mfano: mkulima anapewa shilingi 40,000 na kuahidi gunia la kilo 60 za maganda, yaani kahawa kavu ambayo haijakobolewa. Msimu ukifunguka kwa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo, gunia hilo ni shilingi 120,000. Amepoteza 80,000 kwa shida ya 40,000. Angekopa kiasi hichohicho katika mfuko wa chama kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, baada ya miezi mitano angerudisha 44,000 na kubaki na 76,000. Ndiyo maana tunasema chama kisicho na mfuko wa mikopo midogo kinamlinda mkulima nusu tu, hata mizani yake iwe ya haki namna gani.

Butura inaharibu na kahawa yenyewe. Mnunuzi anataka mzigo wake mapema, basi tawi linakamuliwa lote, mbivu na mbichi pamoja. Punje changa ni nyepesi, hugeuka nyeusi, na mnadani hushusha daraja la shehena nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kahawa yetu ya aina ya robusta huanikwa tunda zima. Kilo 100 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 40 za maganda, na zikikobolewa hubaki kilo 20 hivi za kahawa safi. Inatakiwa kuchumwa nyekundu tu, kuanikwa siku hiyohiyo juu ya kichanja au turubai kwa tabaka jembamba, kugeuzwa mara kadhaa kwa siku na kufunikwa usiku na mvua ikinyesha. Wiki tatu hadi nne zinatosha jua likiwa zuri. Ukitikisa tunda, punje hulia ndani. Ikianikwa chini kwenye udongo inabeba mawe, harufu na ukungu.

Hapa kuna hasara ambayo wanachama wengi hawaioni. Chama kikipokea kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 18, zikaukie ghalani hadi asilimia 13, zinabaki kilo 943. Kilo 57 zilizopotea ni maji, na chama kimeshayalipia. Fidia yake hutoka kwenye malipo ya pili ya wote, yale yanayotolewa kahawa ikishauzwa, maana yake aliyekausha vizuri anamlipia aliyeleta kahawa isiyokauka. Karani akipima kwa kuuma punje kwa meno ugomvi hauishi. Kipima unyevu kinaumaliza papo hapo.

Shambani, tatizo kubwa ni mnyauko, ugonjwa unaokausha mti wa kahawa. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ulioshambuliwa hauponi: ung'olewe, uchomwe palepale, na panga lisafishwe kwa dawa kabla ya kugusa mti mwingine, kwa sababu ugonjwa huingia kupitia majeraha. Miche inayostahimili imetafitiwa na TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, katika kituo cha Maruku. Mkulima mmoja mmoja hawezi kuzalisha miche ya kutosha, lakini kitalu cha chama kinaweza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusifiche udhaifu wa vyama. Malipo yakichelewa wiki sita, mkulima mwenye mgonjwa nyumbani hurudi kwa mnunuzi wa butura, na hatuwezi kumlaumu. Taarifa ya makato isipobandikwa ukutani, imani huondoka, na ikishaondoka hata bei nzuri haimrudishi mwanachama.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, utusaidie kupata mkopo wa benki wenye riba nafuu, utoke mwezi Desemba kabla ya ada, kwani ukitoka Juni butura imeshapita. Pili, kipima unyevu katika kila kituo cha kupokelea, na mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla ya kilo ya kwanza kupokelewa. Tatu, maofisa ushirika wasimamie kila mkulima apewe stakabadhi yenye uzito, bei na kila kato.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.