Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya habari na utamaduni, Zanzibar: Kanda za Bi Kidude

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaikum. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Nyimbo zake za studio zimehifadhika. Hofu yetu ni picha: maonyesho yaliyorekodiwa kwa ajili ya televisheni, na matamasha kama yale ya Sauti za Busara pale Ngome Kongwe. Ni kwenye picha tu ndipo mtu anamwona bibi yule amejifunga ngoma kiunoni kwa kanga, anaipiga huku amesimama na kuimba, na watu wanakwenda kumtunza.

Tunaomba utoe amri: kila kanda yake iliyomo kwenye stoo za Serikali ihesabiwe na inakiliwe kabla ya masika yajayo.

Zitakuwa za aina tatu hasa: U-matic ya robo tatu ya inchi, Betacam SP, na VHS. Kila moja ina deki yake, na vipuri vya deki hizo havitengenezwi tena. Adui mkubwa ni unyevunyevu wetu. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya maji ikawa inanata. Kanda hulia ikizunguka, na unga wa kahawia unabaki kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma kanda. Hapo picha imekwisha toka kwenye kanda, hairudi. Kwa hiyo asiruhusiwe mtu kuichomeka "kujaribu tu". Kwanza ifunguliwe na kutazamwa ukingoni mwa gurudumu. Ukiona vumbi jeupe kama unga wa sembe, huenda ni kuvu: itengwe, ikaushwe, isafishwe. Inayonata hupashwa moto kwa saa kadhaa, kwenye nyuzi 50 hivi, katika tanuri la maabara. Oveni ya jikoni hupanda na kushuka joto, itaiharibu.

Kunakili kwenyewe kusifanywe kwa DVD wala kwa simu iliyoelekezwa kwenye skrini. Ubanaji wa DVD hutupa sehemu ya picha, na haipatikani tena. Saa moja ya picha bila kubanwa hula takribani gigabaiti 100. Kwa FFV1, njia ya kubana picha bila kutupa kitu, hupungua sana bila kupoteza chochote. Zitunzwe nakala tatu, moja nje ya kisiwa. Kanda yenyewe isitupwe.

Tena isikatwe. Mara nyingi kinachorushwa hewani ni dakika chache, lakini mapigo ya kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla kabla Bi Kidude hajafungua kinywa ndiyo taarab yenyewe.

Jambo la mwisho halihitaji mashine. Lebo nyingi za kanda huandikwa "Taarab" basi, bila tarehe wala majina. Wapo wazee wa vikundi ambao wakioneshwa picha watamtaja mpiga udi, mpiga ngoma ya dumbak, mwaka na ukumbi. Waitwe, walipwe nauli na posho, na kila wanachosema kiandikwe pamoja na namba ya kanda. Kazi hii ianze wiki hii, hata kabla deki hazijapatikana, kwa kanda ambazo nakala zake zipo tayari.

Ni sisi,
Mafundi wa kanda na wapenzi wa taarab, Unguja